Jina la Fundi Saa

Kila asubuhi saa moja na nusu, kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa, Mama Mipira alikuwa akimwamkia marehemu. Nalisema hili mapema ili baadaye usije ukaniambia nilikuficha. Alikuwa anaingia chumba namba mbili, anafunga mlango, anawasha swichi kubwa ya ukutani, halafu anasimama mbele ya mashine na mikono yake ameikunja. Mashine inaguguma, taa ya kijani inawaka, na kwenye skrini linatokea jina la mwanamume mmoja, majina yote matatu kwa herufi kubwa, na umri wake pembeni: miaka sitini na nane.

"Shikamoo mzee," Mama Mipira anasema.

Anasubiri kidogo, kama mtu aliyebisha hodi. Kisha anabonyeza kitufe cha Mgonjwa Mpya, jina linafutika, na kazi ya siku inaanza.

Mimi ni nesi wa chumba hicho. Idara yetu ni ya magonjwa ya tumbo na ini, katika hospitali ya chuo kikuu, ghorofa ya tatu, mwisho wa korido ndefu yenye mchoro wa ini mkubwa kuliko mlango. Kwetu watu wanakuja kumeza mpira. Ndivyo wanavyosema wenyewe. Ni mpira mweusi, unene wake kama kidole kidogo, una kamera na taa nchani. Unapita kooni mpaka tumboni, na daktari anaona kila kitu kwenye skrini. Mgonjwa akishatoka, mpira lazima uoshwe ndani na nje kabla haujaingia kwa mwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mama Mipira kwa miaka ishirini na mbili. Wanafunzi wapya wakilisikia jina lake walidhani anashabikia timu, wakamuuliza matokeo ya jana, naye akawajibu bila kutabasamu kwamba jana tumefungwa na vidonda vya tumbo.

Alikuwa mfupi, mnene wa mikono, na mkali mno mahali palipomhusu. Brashi lazima ipite kwenye tundu la mpira mara tatu. Ncha lazima iangaliwe kwenye mwanga. Kisha anaandika kwenye daftari la kuoshea: tarehe, namba ya mpira, jina la mgonjwa, saa ulipoingia kwenye beseni la dawa na saa ulipotoka. Profesa mwenyewe, mkuu wa idara, mtu anayewafanya madaktari wazima watokwe na jasho, aliwahi kurudishwa mlangoni kama mtoto wa chekechea kwa sababu alishika mpira ambao haujakauka.

Kwa miaka yote hiyo alikuwa akichungulia skrini kupitia dirisha la chumba cha kuoshea, na akajua matumbo. "Sura za watu nasahau," alikuwa anasema. "Matumbo siyasahau." Mume wake, mpaka rangi wa nyumba, alipenda kutuchekesha akija kumchukua jioni: "Mke wangu anayajua matumbo ya mji mzima, ila langu ndilo analolisahau kulijaza."

Tumbo lililokuwa linamnyima raha lilikuwa la kwake. Mama yake alikufa kwa kansa ya tumbo. Dada yake mkubwa akafuata, akiwa na miaka hamsini na miwili. Mama Mipira alikuwa na hamsini na mmoja, na tangu mwanzo wa mwaka ule alikuwa anahisi moto chini ya kifua, moto ambao haukutulia hata akilala na mito mitatu. Alikuwa anaogopa, na mtu mwenye kuona ninayoyaona kila siku asingethubutu kumwambia hofu yake ni bure.

Sasa nikwambie habari za marehemu.

Alikuwa fundi saa mstaafu. Aliletwa mwezi wa tatu, ini limeharibika, anatapika damu. Wakati anasubiri kwenye kitanda cha magurudumu alitazama saa ya ukutani, akatazama ya mkononi mwake, akamwambia Mama Mipira, "Mwanangu, saa yenu imechelewa dakika nne. Nikitoka humo ndani nitawarekebishia." Hakutoka. Mishipa ya kooni ilipasuka, damu ikajaa skrini nzima, na katikati ya purukushani hiyo umeme ukakatika. Uliporudi baada ya dakika moja, mzee alikuwa ameshakwenda. Saa ya ukutani hatukuirekebisha. Tulipotaka kuigusa Mama Mipira alitufukuza, akasema ile ni ahadi ya mtu.

Kuanzia siku iliyofuata, kila tukiwasha mashine, jina la Fundi Saa lilikuwa linatutangulia kwenye skrini. Fundi mitambo alikuja mara mbili na bisibisi zake. Alieleza kwamba umeme ulipokatika, mashine iliganda na lile faili, kwa hiyo kila ikiamka inaamka nalo. Dawa yake ni kununua mashine mpya, na mashine mpya sote tulijua haiji. "Mfuteni tu asubuhi," akasema. "Msipomfuta, picha za mgonjwa wa kwanza zitaingia kwake."

Mama Mipira akaichukua kazi hiyo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akifika wa kwanza. Sisi wengine tulifurahi kimoyomoyo. Mimi siamini mizimu, lakini nilikuwa sitaki kuwa peke yangu chumbani jina lile linapotokea. Siku moja nilimkuta, nikanyoosha mkono nilifute haraka tuanze kazi. Alinipiga kofi vidoleni.

"Mtu hafutwi hivihivi kama vumbi la meza," akasema. "Msalimie kwanza."

"Mama, huyu amekufa."

"Ndiyo maana. Nani mwingine anayemsalimia?"

Tangu hapo nikawa nafika saa mbili kasoro dakika tano, wakati mzee ameshaamkiwa na ameshafutwa, na mambo yakaenda hivyo kwa miezi mitano.

Mwezi wa nane, daktari mmoja kijana aliyekuwa akisomea ubingwa kwetu alitafuta mtu wa kujitolea ili awaonyeshe wanafunzi jinsi mpira unavyopitishwa. Mama Mipira akanyoosha mkono kabla sentensi haijaisha. Aliniambia pembeni, "Wao wajifunze, mimi nijue moja." Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Siku hiyo, tarehe kumi na tisa, alikuwa mgonjwa wa kwanza. Hakuja kwa mlango wetu wa nyuma. Alikuja kwa mlango wa wagonjwa, na gauni la kufungia mgongoni, akakaa kwenye benchi akisubiri kuitwa. Mashine niliiwasha mimi. Jina likatokea. Chumba kilikuwa kitupu, pazia limefungwa, na nakuapia nywele zilinisimama. Sikumwamkia na wala sikumfuta. Nilijiambia nitalifuta watu wakishaingia, nikageuka kupanga sindano. Kisha wanafunzi sita wakaingia kwa kelele, daktari kijana akaingia, Mama Mipira akalazwa kwa ubavu wa kushoto, nami nikamchoma ile dawa ya kumlegeza. Ni dawa inayomfanya mgonjwa asinzie macho nusu, na akizinduka hakumbuki kitu.

Mpira ulipokuwa unaingia, alifumbua macho. Uso wake ulikuwa umeelekea kwenye skrini. Mdomoni alikuwa na kile kipande cha plastiki cha kung'ata, hawezi kusema. Akanyanyua mkono wa kulia, polepole, akanyoosha kidole kwenye skrini. Akakoroma kitu. Akanyoosha tena.

"Anahangaika," daktari kijana akasema. "Mshike."

Nikamshika. Nikakikunja kidole chake ndani ya kiganja changu, nikamwambia, "Tulia mama, tunamaliza sasa hivi." Alikuwa anasukuma kwa nguvu ambazo sikutegemea kwa mtu aliyechomwa dawa. Nikaongeza mkono wa pili. Machozi yakamtoka, na hilo halikunishangaza, maana kwenye kumeza mpira kila mtu hutokwa machozi.

Daktari kijana alisimama mahali fulani kwenye kona ya tumbo, akapiga picha nne. "Kamchubuko kadogo," aliwaambia wanafunzi. "Nitakaangalia vizuri baadaye."

Mama Mipira alizinduka baada ya saa moja hivi. Nilimpa maji, akashika kikombe kwa mikono miwili, akanitazama muda mrefu.

"Nimemwota Fundi Saa," akasema. "Alikuwa amesimama juu yangu. Alikuwa ameshika kitu changu na hataki kunirudishia."

Nilicheka. Nikamwambia ni dawa. Na jina je? Nilishalikuta limefutika, kwa sababu mgonjwa wa pili alipoingia mwanafunzi mmoja alibonyeza kitufe. Nikasema moyoni kwamba basi yamekwisha. Sikujiuliza zaidi ya hapo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba niliona nafuu.

Baada ya wiki daktari kijana alitafuta picha kwa jina la Mama Mipira, asikute hata moja. Mashine yetu haikuwa inarekodi vizuri kila siku, kwa hiyo hakushtuka. Alikuwa na mitihani kichwani. Alimwandikia dawa ya kupunguza asidi, akamwambia kwa uchangamfu, "Mama, tumbo lako halina shida." Moto ukapungua. Mama Mipira alituletea soda idara nzima. Alimpigia simu binti yake akiwa kwenye korido, akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka wodini, "Yule mdudu wa kwetu amenipita!"

Mwezi wa kumi tukawa na kikao cha vifo. Ni utaratibu wa idara: mara moja kwa mwezi Profesa anafungua faili la mtu aliyetufia, na wote, kuanzia yeye mpaka mwanafunzi wa mwisho, wanaulizana palikosewa wapi. Safari hii alichagua faili la Fundi Saa, awafundishe kuhusu damu ya mishipa ya koo. Mapazia yakashushwa. Mama Mipira ndiye aliyekuwa akiendesha projekta, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijulia. Mimi nilikaa karibu na mlango.

Picha za kwanza zilikuwa damu tupu. Halafu akabonyeza, ikaja picha safi. Tumbo la waridi, laini, linang'aa.

"Profesa, mbona hapa damu haipo?" mwanafunzi mmoja wa kike akauliza.

"Walikuwa wameshaisafisha," Profesa akajibu. Kisha akainuka kwenye kiti. "Ngoja. Usibonyeze. Mnaona nini kwenye kona ile?"

Wakabahatisha. Kidonda. Mchubuko. Uchafu.

"Angalieni sawasawa. Rangi imepauka, katikati pamezama, kingo hazilingani. Hii ni kansa, bado changa kabisa. Ikikutwa hivi unakata, mtu anarudi kazini kwake. Ukiiacha mwaka, unamzika." Akavua miwani. "Na nani aliiona? Hakuna. Imelala kwenye faili miezi yote hii. Bahati mbaya mwenye tumbo hili hatuwezi kumsaidia tena. Ameshakufa."

Projekta ilikuwa inavuma peke yake. Ndipo nikaona, kwenye mwanga ule, mkono unapanda polepole kutoka pale ilipo projekta. Kidole kilekile. Kilinyooka kwenye kona ya chini ya picha, mahali ambapo hakuna daktari anayepatazama kwa sababu wote wanatazama tumbo.

"Profesa," Mama Mipira akasema. "Soma tarehe."

Profesa akasogea ukutani. Picha ya tumbo ikamjaa usoni na kwenye koti. "Kumi na tisa, mwezi wa nane," akasoma. "Huyu alifariki mwezi wa tatu. Saa ya mashine itakuwa imekosea."

"Saa ya mashine haijawahi kukosea. Inayochelewa ni ya ukutani."

Alitoka, akarudi na daftari la kuoshea amelifungua kifuani. Aliliweka mezani chini ya mwanga wa projekta, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa tarehe kumi na tisa. Mwandiko ulikuwa wangu, kwa sababu siku hiyo niliuosha mimi ule mpira. Na jina nililoandika lilikuwa lake.

"Mwenye tumbo nipo hapa," akasema. "Msinizike."

Sikumbuki nani aliwasha taa. Nakumbuka alinigeukia mimi, si Profesa wala daktari kijana ambaye alikuwa ameinamia magoti yake analia. Alinitazama mikono.

"Nilikwambia," akasema. "Nilikuonyesha kwa kidole, ukakikunja."

Dawa ile, ambayo kwa kawaida humfutia mtu kila kitu, ilikuwa imemwachia hicho kimoja. Niliomba radhi pale pale mbele ya watu. Kwa siku tisa hakusema nami neno, hata la kuomba glovu, na sikumlaumu. Mume wake alikuja idarani siku ya pili, akasimama mlangoni na nguo zake zenye madoa ya rangi, hana utani wowote. Aliuliza ni nani. Nikasema ni mimi. Alinitazama, akaondoka.

Walimpasua siku ya kumi. Wakakata karibu theluthi mbili ya tumbo.

Jioni ile ile fundi mitambo aliitwa arekebishe rekodi, picha za Mama Mipira zihamie kwenye jina lake. Sikujua atafanyaje. Asubuhi yake nilifika saa moja na nusu, kwa kuwa sasa hakukuwa na mwingine wa kufika saa hiyo. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa hata nimejizoeza njiani: shikamoo mzee, shikamoo mzee. Nikafunga mlango, nikawasha swichi, nikakunja mikono.

Mashine ikaguguma. Taa ya kijani ikawaka. Kwenye skrini likatokea jina la Mama Mipira, majina yote matatu kwa herufi kubwa. Miaka hamsini na mmoja.

Nilijikuta nimekaa sakafuni. Najua maelezo yake, fundi alinieleza baadaye: hakuweza kuzihamisha picha, akaandika jina la Mama Mipira juu ya lile faili lililoganda, na la Fundi Saa akalitengenezea faili jipya. Lakini pale chini kwenye sakafu sikuwa na fundi wala maelezo. Niliona jina lililokaa mahali pa mfu, na mwenye jina nilimwacha jana kwenye chumba cha upasuaji. Niliacha mashine inawaka. Nilishuka ngazi nakimbia, kiatu kimoja kikanitoka kwenye ngazi ya wodi ya upasuaji, nikaingia hivyo hivyo.

Alikuwa amelala, mrija puani, mdomo wazi. Nikaweka mkono karibu na pua yake. Nikahisi pumzi. Sikuutoa mkono.

"Una nini wewe?" akasema bila kufumbua macho. Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Mkono unanuka dawa ya beseni. Hujausuuza."

Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ya kikao. Nikamweleza nilichokiona kwenye skrini, nalia kamasi zinanitoka.

"Umenisalimia?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Umenifuta?"

"Hapana."

"Basi rudi ukanisalimie. Halafu ndiyo unifute, watu wanasubiri."

Alirudi kazini mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Amepungua, mikono ile minene imelegea ngozi, na mfukoni mwa koti ana kopo dogo la chakula, kwa kuwa tumbo lililobaki linataka kidogo kidogo kila baada ya saa mbili. Ukali haukukatwa hata chembe. Mume wake anasema sasa yeye na mkewe wanakula kwa ratiba ya watoto wachanga. Fundi Saa hajaonekana tena kwenye skrini, na saa ya ukutani bado imechelewa dakika nne.

Mashine mpya haijaja. Kuwasha asubuhi imekuwa kazi yangu, yeye hataki. Ananisubiri kwenye chumba cha kuoshea, upande wa pili wa dirisha, ananipa mgongo, amefungulia maji. Ninawasha swichi. Jina lake linatokea, na umri ule ule wa hamsini na mmoja, ingawa mwaka huu ametimiza hamsini na miwili.

"Shikamoo mama," ninasema.

"Marahaba," anaitikia kutoka kwenye beseni, na hapo ndipo ninapobonyeza.

Kuna asubuhi maji yanakuwa na nguvu, au amezama kwenye brashi zake, hanisikii. Nje mgonjwa wa kwanza ameshaitwa, daktari anagonga mlango. Kidole changu kiko juu ya kitufe. Sibonyezi. Ninamwamkia tena, kwa sauti zaidi, na ninangoja.